Huku Watu Wanashabikia Mawingu

Norman, Oklahoma

  

Baba mdogo, shangazi na wote hapo Muheza, mliuliza chuo chenyewe kikoje. Idara yetu ya Chuo Kikuu cha Oklahoma imo ndani ya Kituo cha Taifa cha Hali ya Hewa, jumba kubwa lililofunguliwa mwaka 2006. Humo wanafunzi tunapishana koridoni na watu wa serikali: watabiri wa eneo hili, watafiti wa dhoruba, na ofisi inayotazama hatari za tornado karibu Marekani nzima. Unatoka darasani hesabu ya upepo imekushinda, unaingia kwenye lifti unamkuta anayeipiga hesabu hiyohiyo na kulipwa mshahara. Mgahawa wa chini unaitwa Flying Cow, kwa heshima ya yule ng'ombe anayepeperushwa kwenye filamu ya Twister ya mwaka 1996. Chapati hawana.

Kila siku, asubuhi na jioni, hurushwa puto jeupe, kamba yake ikining'iniza kiboksi cha kutosha kiganjani. Kiboksi kinapima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, kinatuma majibu kwa redio huku puto likizidi kuvimba, mpaka linapasuka kama kilomita 30 juu, nacho kinashuka na mwavuli wake. Vituo vingi duniani hurusha ya kwao saa zilezile. Nimeona madaktari wazima wa falsafa wakilisindikiza kwa macho hadi likapotea, midomo wazi.

Baba mdogo, swali lako la mvua ya mahindi nimelipata, ingawa ulipiga simu saa tisa usiku wa huku. Mpaka sasa nimefundishwa kueleza kwa nini mvua ya juzi ilinyesha. Ya wiki ijayo waulize Mamlaka ya Hali ya Hewa ya kwetu, TMA. Tanga wanaijua kuliko mimi.

Wenyeji nao ni habari nyingine. Mtangazaji wa hali ya hewa kwenye televisheni ana mashabiki wa damu, kama Simba na Yanga. Ukimsifu wa kituo kingine, chai inapoa mezani. Mwezi wa Mei vituo vinarusha helikopta kufuata wingu moja. Jumamosi saa sita mchana ving'ora vya tahadhari hulia kwa majaribio, na hakuna anayeacha kutafuna.

Si kwamba hawajui hatari. Moore, mji wa jirani tu, ulipigwa Mei 3, 1999, rada ikapima upepo wa karibu kilomita 480 kwa saa, ukapigwa tena Mei 20, 2013, wakafa watu 24. Huwa hivi: joto na mvuke vinapanda kutoka Ghuba ya Meksiko, hewa kavu inakuja kutoka kusini magharibi, na juu yake kuna upepo mkali unaovuma upande mwingine. Dhoruba inapinda, inaanza kuzunguka. Sisi wa karibu na ikweta, upepo wa juu na wa chini kwa kawaida hautofautiani hivyo. Shukuruni.

Mama mwenye nyumba wangu ana handaki la chuma chini ya gereji, mfuniko wake unateleza chini ya gari. Ndani kuna maji, tochi, kofia ngumu na viatu vya akiba. Alinionyesha siku ya kwanza kabla hata ya choo. Akauliza kama kwetu kuna tornado. Nikamwambia hapana, tuna mafuriko. Akanipa pole, nadhani kwa kukosa tornado.

Wiki iliyopita king'ora kikalia, na haikuwa Jumamosi. Akaniamuru niingie handakini, akanikabidhi paka, kisha yeye akatoka barazani na simu yake. Tulikaa mle, paka akinikwaruza, nikimsikia mama wa watu akimpigia kelele jirani ng'ambo ya barabara kwamba wingu linaelekea kaskazini mashariki, na kwamba asimzibie, anarekodi.