Doti Mbili, Bilioni Moja

Mama mmoja wa Tandika alichagua doti mbili za khanga dukani kwa mjomba wangu, moja ya shilingi 12,000 na nyingine ya 15,000. Nikaingiza bei kwenye laptopu, nikabonyeza, na programu niliyoiandika kwa siku tatu bila usingizi ikamdai shilingi 1,200,015,000. Bilioni moja, milioni mia mbili na elfu kumi na tano. Niliisoma kwa sauti kabla akili haijawahi kuniziba mdomo. Mama akaziangalia khanga, akaniangalia mimi, kisha akainua macho darini kana kwamba anapima kama jengo nalo limo kwenye bei. Mjomba yuko Kariakoo miaka zaidi ya thelathini na mdomo wake hujibu kabla masikio hayajasikia. Akasema, "Usiogope mama, bei inazungumzika."

Kosa lilikuwa la chekechea. Python ukiiambia ipokee kitu kutoka kwenye kibodi, inakipokea kama maandishi, hata kama umeandika tarakimu tupu. Na maandishi mawili ukiyawekea alama ya kujumlisha, yanaunganishwa tu: 12000 ikashikana mkono na 15000, zikatembea pamoja. Dawa yake ni int, kineno unachokizungushia ulichopokea ili maandishi yageuke namba. Kugeuza aina si jambo geni mtaani kwetu. Kariakoo yenyewe ilikuwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Jina likapita kwenye midomo ya Waswahili likatoka na vokali zake, na mpaka leo halijatoa hitilafu.

Kilichoniuma ni kwamba wiki iliyotangulia nilikuwa nimewaeleza jambo hilo hilo vijana wawili wa maduka ya simu Mtaa wa Aggrey, kwa madaha, nikinywa kahawa waliyoninunulia. Maana mimi ndiye mtaalamu wa pale. Utaalamu niliupata siku nilipotengeneza printa ya jirani iliyokuwa imechomolewa kwenye umeme. Tangu hapo anayeanza kujifunza programu huletwa kwangu, kama mtoto mwenye degedege anavyopelekwa kwa bibi.

Mwanafunzi wangu mkuu ni dogo anayefunga mizigo dukani, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Kaka, klasi ni nini?" Nikamwambia klasi ni darasa. Akauliza wanafunzi wako wapi. Nikabadilisha, nikasema ni tabaka. Mjomba, aliyekuwa anahesabu noti, akainua kichwa. Yeye alisoma shule ya msingi enzi za Azimio la Arusha na neno hilo analijua kwa ubaya wake. "Tabaka si tulishakataa?" Bahati mbaya ni kweli: mwaka 1967, Tanzania ikitangaza kujenga nchi isiyo na matabaka, kule Oslo Wanorwe wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walikuwa wanayaingiza matabaka kwenye kompyuta kwa lugha waliyoiita Simula 67. Sikumwambia mjomba. Jina la Python peke yake lilishamtosha. Alidhani naleta chatu dukani, na nilipomweleza kwamba mtunzi wake, Guido van Rossum, alilichukua kwa wachekeshaji wa Uingereza wanaoitwa Monty Python, akasema hiyo bilioni sasa ameielewa.

Mwisho nikasema klasi ni ngeli. Dogo akanishangaa: "Ngeli si Kiingereza?" Kwa lugha ya vijiweni yuko sahihi. Ikabidi nimrudishe darasani kwa mwalimu wa Kiswahili, kwenye KI-VI na U-I, na hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoanza kuelewa ninachokifundisha. Kiboko kwa umbo ni wa KI-VI, lakini hakuna anayesema kiboko kimelala. Amelala, kwa sababu tunatazama uhai wake, hatutazami herufi zake za mwanzo. Python nayo haijali sana kitu kinaitwaje. Inakiomba kifanye jambo. Kikiweza, yameisha, kisipoweza, inapiga kelele.

"Na jina lenyewe lina aina gani?" dogo akauliza. Halina, nikamjibu. Kwenye Python jina linaweza kushika namba asubuhi na maandishi jioni. Chenye aina ni kile kilichoshikwa. Akakataa katakata: sasa mtu atajuaje limeshika nini? Nikatoka mlangoni kutafuta mfano na sikwenda mbali. Msimbazi ni mtaa. Msimbazi ni mto unaofunga barabara ya Jangwani mvua zikizidi. Msimbazi ni klabu ya Simba, maana makao yake yako mtaani humo. Na msimbazi ni noti nyekundu ya elfu kumi. Nilikuwa najiandaa kuifafanua hekima hiyo taratibu, mjomba akanidaka bila kuacha kuhesabu.

"Hapo kuna ugumu gani? Msimbazi umefurika, huo mto. Msimbazi kumefungwa, huo mtaa. Msimbazi wamefungwa, hao Simba, na wazidi kufungwa." Mjomba ni Yanga. "Misimbazi mitatu, hiyo lete hapa."

Nimesoma maelezo mengi kuhusu aina, na sijakutana na yanayoyazidi hayo.

Lakini kuelewa ni jambo moja, na kuandika ni jingine. Jumamosi moja akaja mzee ambaye hajawahi kukopa hata uzi. Mjomba, kwa kutaka kunitangaza, akamwambia, "Mzee wangu, kijana ana mashine, inakuambia hesabu yako yote." Mashine ikamwambia. Ikamsomea madeni ya duka zima, kuanzia vitenge vya mtu wa Mbagala hadi robota la mfanyabiashara wa Lubumbashi. Mzee akasema "Astaghfirullah" mara tatu na kuondoka na hela yake taslimu, akaingia duka la pili.

Orodha ya madeni nilikuwa nimeiandika kwenye klasi yenyewe. Python huiunda mara moja tu, klasi inaposomwa, na wateja wote wanaikuta ile ile, kama kata ya mtungini: kila anayekuja anaikuta na mate ya aliyetangulia. Inatakiwa kila mteja apewe yake pale anapoundwa, iandikwe self.madeni.

"Sasa huyu self ni nani?" dogo akauliza. "Mbona simwiti na anakuja?" Swali zuri kuliko jibu nililokuwa nalo. Usipomwandalia nafasi, Python inalalamika kwamba umepewa kitu kimoja wakati hukuomba hata kimoja. Nikampeleka Mtaa wa Kongo. Machinga akaita, "Bosi, karibu!" Watu ishirini wakageuka, wakiwemo wawili waliobeba magunia kichwani. Machinga akamshika mmoja mkono wa shati, akaanza naye. Yule aliyeshikwa shati ndiye self. Dogo akaelewa, ila alirudi na shati ambalo hakuwa amepanga kulinunua.

Namba za simu za wateja sitaki kuzieleza sana. Nilizizungushia int, kwa kuwa nilikuwa nimeshajifunza, sifuri zote za mwanzo zikayeyuka, na mjomba akashinda siku mbili anapiga simu haziendi. "Nani amewahi kujumlisha namba za simu?" aliniuliza, na hadi leo sijamjibu.

Kilichonimaliza kabisa ni siku ambayo hakukuwa na hitilafu yoyote. Tuliuza doti saba siku hiyo, programu haikulalamika hata mara moja, na jioni nikafungua hesabu kwa kifua mbele: mauzo, shilingi 84. Mjomba alikuwa anamtajia dogo bei kama inavyotajwa Kariakoo, "kumi na mbili!", na dogo akaandika kumi na mbili. Ni namba, aina yake ni sahihi, Python ikaridhika. Ile elfu haitamkwi kwetu na haimo kwenye daftari la mjomba pia, ila hapajatokea mtu wa kununua khanga kwa shilingi kumi na mbili.

Usiku ule nikaongeza mistari miwili: bei yoyote iliyo chini ya elfu moja izidishwe mara elfu. Nikalala vizuri kwa mara ya kwanza mwezi ule.

Asubuhi akaja yule mama wa Tandika. Safari hii alitaka kikasha kimoja tu cha pini za mtandio. "Jero," dogo akasema, akaandika 500. Laptopu ikadai shilingi 500,000. Nikaanza kuomba radhi, lakini mama alikuwa ameshamgeukia mjomba, anacheka.

"Kweli bei yenu inazungumzika. Juzi ilikuwa bilioni."