Mathias Amewashinda Wote

Ligi ikiisha, ninayeumia ni mimi. Wanaume wa kijiwe chetu cha kahawa hapa Maili Moja, Kibaha, wana ubishi wa mwaka mzima, na wenye kuubeba ni Simba na Yanga. Ligi ikifungwa, ubishi haufungwi, unahama tu. Safari hii umehamia kwenye swali ambalo sijui limeletwa na nani, na nikimjua atanilipa: ni nani aliyekuwa mkubwa kuliko watu wote waliopata kuishi duniani?

Mimi hunipeleka pale kahawa, kashata na benchi lenye kivuli. Sikwenda kupiga kura. Lakini ukinyamaza kijiweni watu wanadhani una mgombea wako umemficha.

Mzee wetu, yule ambaye kwa umri wake hakuna wa kumkatiza, aliweka sharti mapema: mitume na manabii hawaingii. Kijiwe kina Waislamu na Wakristo, na birika ni moja. Sharti zuri kabisa, nami niliunga mkono. Likadumu mpaka bwana mdogo mmoja alipotoa simu mfukoni.

"Wazee, tunajichosha bure," akasema. "Kuna Mmarekani anaitwa Michael Hart, alishalimaliza jambo hili mwaka 1978. Katoa kitabu, kawapanga watu mia moja kwa jinsi walivyoigeuza dunia. Wa kwanza ni Mtu..."

"Ruka!" akasema mzee.

"Haya. Wa pili ni Newton. Wa tatu ni Yes..."

"Ruka, nimekwambia!"

"Wa nne Buddha."

Mzee akakuna kidevu. Wafuasi wa Buddha hatunao Maili Moja, lakini akaona heshima ni heshima. "Naye ruka." Wa tano alikuwa Confucius, akapita bila kupingwa wala kushangiliwa. Wa sita mtume Paulo, akarukwa. Wa saba akatajwa Mchina mmoja, Cai Lun, mtumishi wa ikulu ya mfalme ambaye wenyewe wanamhesabu kuwa ndiye aliyetengeneza karatasi, yapata mwaka 105.

Muuza kahawa, ambaye siku zote hajiingizi, akaacha kusuuza vikombe. "Huyo huyo," akasema. "Mtu wangu huyo. Bila yeye kashata ningewafungia kwenye nini?" Akainua kipande cha gazeti. Ukweli ni kwamba hoja hiyo haikujibiwa hadi leo, ila ilipuuzwa, maana kijiweni hoja ya muuzaji haina uzito. Uzito wake uko kwenye daftari la madeni.

Baada ya hapo ikawa vurugu. Kijana mwingine akamleta Ronaldo, kwa sababu ya idadi ya wafuasi mtandaoni. Mrufiji wetu akamleta Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro Agosti 1905, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vimewaka. Akatoa hoja nzito: kabla ya mwanasiasa yeyote kuzaliwa, mtu huyo aliwaunganisha watu wa makabila mengi kwa maji tu. Hapo jirani yangu, ambaye ulimi wake hauna breki, akauliza kama mtu ambaye dawa yake haikuzuia risasi anaweza kuwa mkubwa wa dunia. Mrufiji akasusa. Akaacha kikombe kimejaa, na kahawa yake nikalipa mimi, kwa sababu zisizoeleweka.

Nikajaribu kuwaonya. Nikawaambia Afrika Kusini walicheza mchezo huu huu mwaka 2004. Televisheni ya taifa iliwaomba watazamaji wamchague raia wao mkubwa kuliko wote. Mandela akawa wa kwanza, hilo halikuhitaji kura. Lakini nafasi ya 19 akatokea Hendrik Verwoerd, mwasisi mkuu wa ubaguzi wa rangi, akiwapita watu waliopigania nchi. Kipindi kikasimamishwa. Nikadhani nimewapa funzo. Walichouliza ni nani alikuwa wa 20.

Bwana mdogo naye akarudi na simu yake: mwaka huo huo wa 2004 wasomaji wa jarida la New African waliwapanga Waafrika, wakamweka Mandela, akafuata Nkrumah, kisha Mugabe.

Kimya kikapita. "Na Mwalimu?" mzee akauliza polepole.

Hakuwemo katika hao watatu.

Sijapata kuona kijiwe kikiungana namna ile. Waliokuwa wamenuniana tangu mechi ya watani wakawa ndugu. Hata Mrufiji aliitwa akarudi. Ikapitishwa kwa kauli moja kwamba Nyerere ndiye, na jarida halina adabu. Nikavaa kandambili zangu niende nyumbani, nikiamini jambo limekwisha.

Jumamosi nikaenda Kisarawe kwa wakwe. Kwa ramani ni jirani zetu, mkoa mmoja wa Pwani. Kwa daladala unashuka hadi Mbezi, unakata kwenda Gongo la Mboto, ndipo uanze kupanda kupitia Pugu, ukifika umekunjamana. Nikamsimulia baba mkwe uamuzi wa Maili Moja, nikitarajia pongezi.

"Mmechelewa," akasema. "Sisi tulijua tangu zamani. Mwalimu ni wa Kisarawe."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akaeleza: alikuwa akifundisha wapi kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955? Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Na Pugu ni wapi? Pugu leo iko upande wa Dar es Salaam, ila baba mkwe hatambui mipaka iliyochorwa bila yeye kuitwa. Kisha akaongeza Mzee Ruksa: Ali Hassan Mwinyi alizaliwa Kivure mwaka 1925, na Kivure, kabla ya Mkuranga kuwa wilaya, ilikuwa Kisarawe. "Marais wawili," akasema, akinisogezea muhogo wa nazi. "Nyie Kibaha mna nani?"

Nikasema kwa unyenyekevu kwamba Kikwete alisoma Kibaha Sekondari.

"Kusoma si kuzaliwa, baba."

Mwalimu naye hakuzaliwa Pugu, amezaliwa Butiama. Jibu hilo nilikuwa nalo ulimini, limeiva. Lakini mkwe habishi. Nilimeza pamoja na muhogo.

Nikarudi na gari la Mlandizi, nimesimama, kwapa la mtu puani, na ndipo nikampata mshindi. Konda ndiye aliyemtaja. "Kwa Mathias wapo? Kwa Mathias!"

Nani ni Mathias? Nimeuliza watu wa umri wote. Mmoja alisema alikuwa na duka, mwingine akasema shamba, wa tatu akaniuliza kama mimi ni wa usalama. Lakini jina lake linapigiwa kelele Barabara ya Morogoro kuanzia alfajiri mpaka usiku wa manane. Newton nani amtaje alfajiri?

Na Mathias walau tunalo jina. Pale Kwa Mfipa, hapa hapa Kibaha, ndipo ilipojengwa Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyozinduliwa Februari 2022. Ni mali ya vyama sita vya ukombozi: CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF. Wanakuja makada kutoka nchi sita kujifunza chini ya jina la Mwalimu, na wakipanda daladala watamwambia konda awashushe Kwa Mfipa. Mwalimu kapewa shule, Mfipa kapewa kituo. Huyo Mfipa hata jina la kwanza hana, tunajua tu kwao ni upande wa Sumbawanga.

Mambo haya yananiuma kwa sababu zangu. Kituo cha karibu na kwangu, njia ya ndani, kinaitwa Kwa Mama Supu. Mama huyo aliuza supu pale kwa muda mfupi sana, akahamia Morogoro. Mimi nimejenga pale, nimechimba kisima, nimeweka geti la bluu linaloonekana kutoka mbali. Hakuna aliyeshtuka.

Basi juzi nikamkamata konda mmoja, nikampa nauli mara mbili, nikamwomba akifika pale aite "Kwa Mwandishi." Kijana muungwana, akaita kwa sauti kweli kweli. Gari zima likanyamaza. Bibi mmoja aliyekuwa kiti cha mbele na kuku wake akageuka kwa hofu.

"Mwanangu, mimi sikukwambia nashuka Kwa Mama Supu? Hapa tumefika wapi?"

"Ndiyo hapo hapo, bibi," konda akasema. "Shuka, ni huyu baba tu ana matatizo yake."