Ajiri Bawabu wa Barua Pepe

Unaamka, unafungua simu: barua pepe 4,312 hazijasomwa. Matangazo ya viatu, risiti, taarifa za benki, na katikati ya rundo hilo barua ya mtu anayesubiri jibu lako. Kwa ajili ya huyo mtu, ajiri bawabu. Anaitwa kichujio: halali, hadai posho, na hutii amri neno kwa neno. Kwa hiyo mwamuru kwa uangalifu.

1. Wajue wanaobisha hodi. Pitia barua 50 za mwisho. Utakuta wanaojirudia ni walewale: benki, duka, kikundi. Andika anwani zao.

2. Jenga vyumba vitatu, si thelathini. Risiti, Matangazo na Kikundi vinatosha kuanzia. Kwenye Gmail, chumba huitwa lebo, na barua moja hubeba hata lebo mbili: risiti ya mchango wa kikundi hukaa "Risiti" na "Kikundi" kwa pamoja.

3. Amuru kwa anwani, usiamuru kwa neno. Baadhi ya programu hutafuta herufi popote zilipo. Mwambie bawabu akamate "ada", naye atakukamatia "mada" na "madarasa". Mimi niliwahi kuamuru kila barua yenye neno "mkopo" itupwe, maana matangazo ya mikopo yalinichosha. Mhazini wa kikundi chetu akanitumia ratiba ya marejesho ya mkopo wangu. Ikaenda moja kwa moja kwenye tupio, ambamo Gmail hufuta kila barua inapofikisha siku 30. Tarehe ikapita, wenzangu wakanilipia. Tangu hapo bawabu wangu hana ruhusa ya kutupa, anapanga tu.

4. Wape wauzaji mlango wa uani. Unapowapa anwani yako ya Gmail, ongeza alama ya + na neno "duka" baada ya jina lako, kabla ya @. Barua bado zitakufikia, na bawabu atajua mara moja zimepitia wapi. Tovuti ikiikataa alama hiyo, rudi kwenye amri ya anwani.

5. Mkague bawabu kila mwezi. Mwizi akipata nywila yako, huweza kumpa bawabu amri zake: ficha barua za benki, au tuma nakala ya kila kitu kwake. Ukiona amri usiyoitoa, ifute, badilisha nywila, washa uthibitishaji wa hatua mbili.

6. Ingia vyumbani. Chagua siku, tuseme Ijumaa jioni, usome Risiti na ufute Matangazo. Bandu bandu huisha gogo. Hata zile 4,312 zitakwisha.

Barua ya mtu aliyeketi akakuandikia wewe isipangiwe chumba. Ibaki sebuleni, mbele ya macho yako, mpaka umjibu.