Jiwe Kenya, Maji Uganda

Enyi wanamazingaombwe mnaozunguka shuleni mkitafuna viwembe na kuvuta leso ndefu midomoni, kisiwani Takawiri, Ziwa Victoria, msihangaike kuja. Huku ziwani tumeshaona makubwa. Mwaka 2009 Rais Museveni wa Uganda alikubali kwamba Migingo, kile kijiwe cha Migori kilichojaa vibanda vya mabati, ni cha Kenya. Maji yanayokizunguka, akasema, ni ya Uganda. Basi mvuvi aliyesimama juu ya jiwe yuko kwao. Akitumbukiza mguu kuosha matope, kavuka mpaka bila pasipoti! Mbuta wake hupotea, na injini pia, kisha huibuka faini. Wapimaji wa mpaka wa nchi zote mbili walianza kazi mwaka huohuo. Nyie wenye leso, kajifunzeni kwanza kwa wanasiasa.