Tyubu Iliyopungua Yenyewe

Mwezi wa Agosti hapa Mutituni hauna huruma na ngozi ya mtu. Asubuhi ukungu unashuka kutoka vilima vya Iveti na baridi yake, mchana upepo mkavu unazoa vumbi la barabarani na kulimwaga sebuleni, na maji ya kisima tunayoletewa na punda yana chumvi hata sabuni inakataa kutoa povu. Povu likikataa, mke wangu huongeza sabuni.

Kitindamimba wetu ndiye aliyeanza kujikuna, nyuma ya magoti na kwenye vikunjo vya viwiko. Vitabu vingi vya afya vinasema ngozi ya namna hiyo huwa nyekundu. Mtoto ni mweusi kama sisi sote, kwa hiyo wekundu ulitafutwa haukuonekana. Kilichokuwapo ni rangi ya majivu, na vipele vidogo vilivyosimama kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na pale alipojikuna sana ngozi imekuwa nene na nyeusi tii. Usiku tulisikia kucha zikifanya kazi chini ya blanketi.

Baraza la nyumba likakaa bila kuitwa. Susu, yaani mama yangu, alisema ni mayai, akapiga marufuku mayai, kisha maziwa, kisha njugu, hata tukawa tunafunga mfungo usio na tarehe ya kumalizika. Shangazi wa watoto, dada yangu anayeishi nasi “kwa muda” tangu aache kazi Athi River, alisema ni choa. Dada wa kazi alisema huo ni ugonjwa wa kuambukiza, na bila kungoja kura akamtengea mtoto beseni, taulo na kikombe. Mke wangu alisema ni uchafu. Hoja yake ndiyo iliyopita, kwa kuwa yeye ndiye mwenye sabuni.

Mtoto akaogeshwa asubuhi na jioni kwa maji ya moto na sabuni ya kipande, ile ile ya kufulia, akasuguliwa kwa dodoki mpaka akanyamaza. Kila alivyosuguliwa ndivyo alivyozidi kujikuna, na kila alivyojikuna ndivyo alivyozidi kusuguliwa. Ngozi hujizuia isikauke kwa mafuta yake yenyewe. Sabuni kali huyachota mafuta hayo, na maji ya moto yakamalizia yaliyobaki. Mwenye pumu ya ngozi, nayo ndiyo iliyomshika mtoto wetu, mara nyingi huzaliwa na kinga hiyo ikiwa dhaifu tangu mwanzo. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Scotland, walionyesha kwamba kasoro katika jeni ya protini iitwayo filagrini huwaweka watu wengi kwenye hatari ya ugonjwa huu. Kwa Waafrika kasoro hizo huonekana mara chache zaidi, kwa hiyo jeni hiyo peke yake haimalizi habari. Sisi wala hatukuhitaji maabara: marehemu baba alikuwa na pumu ya kifua, na shangazi hupiga chafya tangu vumbi la Julai hadi mvua ya Novemba. Mambo hayo matatu hupenda kutembea katika ukoo mmoja.

Mayai, kwa taarifa, hayakuwa na hatia. Wapo watoto wanaodhuriwa na chakula fulani, na wengi wao huonekana wazi, midomo ikavimba au wakatapika mara. Kumnyima mtoto mayai kwa dhana tu kunamwacha na mwasho ule ule, na njaa juu yake.

Ndipo shangazi alipoleta tyubu. Aliinunua mjini, duka moja la dawa karibu na stendi, ambako muuzaji hakuuliza swali hata moja. Ndani mlikuwa na dawa tatu kwa pamoja: ya kuua ukungu wa choa, ya kuua bakteria, na betamethasoni, ambayo ni steroidi. Dawa ya namna hiyo huuzwa kwa wingi kwa sababu haihitaji mtu ajue anaumwa nini. Siku chache tu, ngozi ikatulia. Susu alimshukuru Mungu kwa sauti, shangazi akataka ashukuriwe yeye. Tulipoacha kupaka, ugonjwa ukarudi na nduguze. Ikapakwa tena, ikatulia, ikarudi. Na kama kweli ingekuwa choa kama alivyodai, mambo yangekuwa mabaya zaidi, maana steroidi huficha duara lake huku ukungu ukienea chinichini.

Kilichotushangaza ni kwamba tyubu ilikuwa inapungua upesi kuliko viwiko vya mtoto vilivyoweza kula. Mke wangu akaweka alama kwa kalamu pale ilipokunjwa. Asubuhi alama ilikuwa imehama. Aliyeshukiwa kwanza ni dada wa kazi, bila shaka, kwa kuwa katika nyumba zetu ndiye anayeshukiwa kwanza kwa kila kitu, hata sukari ikiisha kwa kutumiwa. Alilia, akafungasha, akabembelezwa, akafungua mzigo.

Jibu lilipatikana Jumapili, nje ya kanisa, jua la saa sita likimpiga shangazi usoni. Mashavu yalikuwa maji ya kunde, shingo imebaki ile tuliyozaliwa nayo. Susu alimtazama kwa muda, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye maegesho ya pikipiki: “Na wewe, uso wako umeanza kuwashwa lini?”

Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, limepiga marufuku krimu nyingi za kuchubua zenye zebaki na haidrokwinoni, na watu wanazijua kwa majina. Tyubu ya steroidi hupita mlango mwingine, imevaa koti la dawa. Inang'arisha kweli, kisha inaila ngozi polepole ikawa nyembamba, mishipa ikaonekana, chunusi zikatoka. Shangazi alipoiacha ghafla uso uliwaka moto wiki nzima, akawa anapokea simu tu, hapokei wageni.

Tuliishia kwa tabibu wa ngozi aliyesomea Moshi, Tanzania, kwenye kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi katika hospitali ya KCMC, kilichofunguliwa mwaka 1992, ambacho huwachukua matabibu wa kawaida kutoka nchi nyingi za Afrika na kuwafundisha ngozi kwa miaka miwili. Tulikwenda nyumba nzima, kwa kuwa hakuna aliyekubali kuletewa habari na mwingine. Alimtazama mtoto kidogo tu, akageuka: “Mama, hebu nione mikono yako.” Mke wangu aliificha chini ya leso. Vidole vilikuwa vimepasuka kwenye viungo, na chini ya pete ya ndoa ngozi ilikuwa imechubuka mviringo kamili. Ule ni ukurutu wa mguso, sabuni na dawa ya madoa, na pete inayohifadhi povu chini yake kutwa nzima. Aliyekuwa akiendesha vita dhidi ya uchafu ndiye aliyekuwa majeruhi wa kwanza, na alikuwa amenyamaza tangu Krismasi. Susu naye alivuta soksi: weusi na magamba juu ya kifundo cha mguu, ukurutu wa mishipa ya damu iliyochoka, ambao hautibiki kwa mafuta pekee bila kuinua miguu na kuvaa soksi za kubana.

Masharti ya mtoto yalikuwa mepesi mpaka yakatuudhi. Kuoga mara moja, maji ya vuguvugu, dakika chache, sabuni kwapani na sehemu za siri tu. Kukaushwa kwa kugusishwa taulo, asisuguliwe, na kupakwa mafuta mazito yasiyo na manukato kabla ngozi haijakauka, kisha tena mchana, kisha tena usiku. Fulana ya pamba chini ya sweta ya shule. Siku za kuwaka, steroidi ya nguvu ya wastani mara moja kwa siku mpaka ngozi ilainike, na ile hafifu, haidrokotisoni ya asilimia 1, kwa uso. Kipimo ni kidole: dawa iliyokamuliwa kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kikunjo cha kwanza, kama nusu gramu, hutosha eneo la viganja viwili vyake. “Piritoni je?” Itamlaza, akasema, mwasho wenyewe haitautoa.

Dada wa kazi aliuliza kuhusu beseni. Akaambiwa hakuna cha kuambukiza. Nilimwona akisoma sakafu. Jioni ile kikombe cha mtoto kilirudi kabatini kwenye vikombe vya wenziwe, na hakuna aliyekitaja.

Mafuta yaliyofaa, kwa maoni ya susu, alikuwa nayo siku zote, mkebe wa mafuta ya kukamulia ambao nusu ya Kenya hujipaka bila kumiliki ng'ombe. Tabibu alipoonyeshwa aliunusa, akasema una manukato, akaandika mafuta meupe ya mgando yasiyo na harufu. Susu hajamsamehe.

Mimi nilikuwa nimebaki mlangoni, msimamizi wa msafara. Tabibu akaniambia niinue shati. Chini ya kitovu nina kidoa cheusi chenye magamba, cha miaka, ambacho nilikuwa nimekipa jina la jasho. Ni buckle ya mshipi: chuma chake kina nikeli, na ngozi ikishaikataa nikeli haiipokei tena maishani. Dawa yake ni kubadili mshipi, au kukipaka chuma rangi ya kucha upande wa ndani na kurudia inapobanduka. Mshipi ni wa ngozi halisi, sikukubali kuutupa. Rangi ya kucha iliyokuwapo nyumbani ni ya shangazi, nyekundu ya kupiga kelele, na alipaka mwenyewe, kwa moyo mkunjufu, pande zote mbili. Kikao cha wazee wa kanisa ni Alhamisi, nami nimeshapiga pasi koti refu.