Uliza Uzi Kabla ya Bei

Mtu wa Mubuku, hapa wilayani Kasese, Uganda, akitangaza kwamba anataka kununua banjo, wa kwanza atamuuliza kama inaliwa, wa pili atauliza bei. Mwenyewe atakuwa keshapotelea kwenye picha za simu, akichagua rangi. Swali lenye uzito halimjii mtu hata mmoja: uzi ukikatika Jumamosi usiku na harusi ni kesho, mwingine utatoka wapi? Nashikilia kwamba banjo ya kwanza ichaguliwe kwa kuangalia vipuri, sauti ije baadaye. Ushahidi uko hapahapa. Endara, marimba ya Wakonzo, hulazwa juu ya vigogo vya mgomba; kigogo kikioza, shamba liko nyuma ya nyumba. Adungu ilitoka kwa Waaluri, huko West Nile, ikaenea mpaka kwenye kwaya za makanisa nchi nzima, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba nyuzi zake ni nailoni ya mshipi. Katika wilaya yenye wavuvi wa Katwe na Hamukungu, mpiga adungu hawezi kulala njaa ya uzi.

Banjo haina bahati hiyo. Haikai dukani Kasese kando ya sufuria. Huagizwa, ikaja kwa basi chini ya gunia la mtu asiyejua kalalia nini. Tena ziko za aina mbalimbali, na hapo ndipo wengi huangukia. Ipo ya nyuzi nne na ipo ya nyuzi tano, ambayo uzi wake wa tano ni mfupi, kigingi chake kimechomoza ubavuni mwa shingo kama kimekosewa. Anayeanza huiona hiyo ni mbovu, akanunua ya nyuzi nne kwa kuwa imenyooka. Kisha anafungua masomo ya video, ambayo mengi ni ya nyuzi tano, na jioni nzima anautafuta uzi wa tano kama mchungaji aliyehesabu mbuzi vibaya. Achukue ya nyuzi tano. Ikituniwa kwa mtindo wa G, ukizipiga nyuzi zote bila kubonyeza popote, unapata kodi kamili. Hakuna chombo kingine kinachomsifu mvivu mapema hivyo.

Kuna watakaosema: basi nunua gitaa, Kongo iko ng'ambo tu ya mpaka wa Mpondwe, na wapiga gitaa hawakosekani. Hoja hii ni nzito, ila inanisaidia mimi. Palipo na gitaa pana nyuzi za gitaa, na zile za chuma hufaa banjo. Uzi wa gitaa una kipete kidogo cha shaba mwishoni. Uzi wa banjo una kitanzi kitupu. Kibane kipete kwa koleo mpaka kipasuke kitoke, kitanzi kinabaki. Tatizo ni kwamba banjo inataka nyembamba mbili, ya kwanza na ya tano, na pakiti ya gitaa ina moja. Mwenye banjo atajikuta rafiki mkubwa wa mpiga gitaa wa kanisani, hasa siku za kununua pakiti.

Wengine watasema anunue ya bei ya chini kabisa, maana huenda akaacha baada ya mwezi. Ataacha kweli, na sababu itakuwa hiyo bei. Banjo mbovu nyuzi zake hukaa juu mno ya shingo kiasi kwamba kubonyeza ni adhabu, na vigingi hulegea kabla wimbo haujafika kiitikio. Aangalie hayo mawili, kisha kidaraja. Kidaraja cha banjo hakigundishwi. Husimama juu ya ngozi iliyowambwa, kwa kubanwa na nyuzi tu. Mpenda usafi akizitoa nyuzi zote mara moja apanguse vumbi, kidaraja kinaanguka, na tangu hapo kila wimbo unaimbwa kwa kilio. Dawa ni kupima: kutoka juu ya shingo mpaka freti ya 12, na kutoka hapo mpaka kidarajani, umbali uwe karibu sawa. Ngozi nayo iwe ya plastiki. Ya mbuzi hulegea mvua ikinyesha, na kuota moto kama wapiga ngoma si jambo la kufanya na chombo chenye gundi.

Lipo pingamizi moja ambalo sina jibu kamili: majirani. Banjo ina kelele, na nyumba za kupanga zina kuta nyembamba. Ndiyo maana nasema ichaguliwe ya mgongo wazi, isiyo na bakuli la mbao nyuma. Ni nyepesi, na mgongoni unaweza kusokomeza soksi kati ya ngozi na fimbo inayopita ndani, sauti ikapungua. Soksi mbili zikiwa hazitoshi, ongeza taulo. Mwenye nyumba akija kugonga hata hivyo, huenda amekuja kudai kodi, ile nyingine.