Jinsi ya Kumshinda Adui Polepole

Hongera. Umeshaimudu ile miondoko 24 ya tai chi iliyopangwa na serikali ya China mwaka 1956, ambayo wazee huicheza bustanini alfajiri. Sasa unataka kuitumia kujihami. Fuata hatua hizi.

Kwanza, jipatie ukoo. Sema mwalimu wa mwalimu wako alitoka Chenjiagou, kile kijiji cha jimbo la Henan kinachohesabiwa kuwa chimbuko la mchezo huu. Huko ndiko alikojifunza Yang Luchan, aliyekwenda kufundisha Beijing karne ya 19 akapewa jina la Yang Asiyeshindika. Yeye ilimbidi apigane ili aitwe hivyo. Wewe tundika tu picha yake ukutani.

Pili, chagua mpinzani. Anayefaa kuliko wote ni mwanafunzi wako mwenyewe, tena asiyedaiwa ada. Nyoosha kiganja taratibu. Kabla hujamgusa ataruka nyuma hatua tano na kutua chali, juu ya godoro lililotandikwa mapema kwa bahati tu. Asipoanguka, mwambie moyo wake bado mzito, umrudishe darasa la wanaoanza.

Tatu, wakwepe wasiolipa ada. Mwaka 2017, mjini Chengdu, mwalimu wa tai chi Wei Lei alikubali kuzichapa na Xu Xiaodong, mpiganaji wa sanaa mchanganyiko za mapigano (MMA). Nusu dakika haikuisha, Wei alikuwa sakafuni akila makonde. Mei 2020 ikawa zamu ya mwalimu mwingine, Ma Baoguo, mwenye miaka 69, dhidi ya mtu wa miaka 50. Katika nusu dakika alianguka mara tatu, na ya tatu hakuinuka. Haraka haraka haina baraka, ni kweli, lakini konde halijawahi kusikia methali hiyo.

Nne, na hapa ndipo penye ubingwa wenyewe: visingizio. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Jizoeze kusema kiatu kiliteleza. Sema ungeitoa nguvu yako ya ndani yote, mwenzio angekufa, nawe una huruma. Sema vijana wa siku hizi hawana adabu. Rudia mara ishirini kila asubuhi, polepole, ukivuta pumzi kwa pua.

Utani kando, mchezo huu una zoezi moja lisilodanganya: kusukumana mikono. Wawili husimama wakitazamana, kifundo cha mkono juu ya kifundo, kila mmoja akisikiliza uzito wa mwenzake. Anayesukuma kwa pupa hukuta pale alipopategemea pamekuwa patupu, naye huenda na nguvu zake mwenyewe. Miguu inayofunzwa hivyo hujua kusimama. Ndiyo maana madaktari huwashauri wazee wacheze tai chi: utafiti umeonyesha inapunguza kuanguka, na sakafu imewavunja wazee wengi kuliko vibaka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujatoa ada, mwombe mwalimu umsukume, naye asikuonee haya. Akikubali, ukajikuta umeyumba bila kujua kilichokuyumbisha, lipa. Akianza kukueleza hatari ya nguvu yake ya ndani, vaa viatu vyako uende. Na kibaka akikutaka simu usiku, mpe, kisha kimbia. Hapo usiende polepole.